Bega Lisilobeba Jeneza

Ijumaa, Machi 2008, Chukwani. Mvua imekatika, upepo wa pwani unaingia dirishani, nami nimeamka mwepesi.

Nimeficha maumivu ya kifua tangu ujanani. Hata marehemu mke wangu hakujua.

Kwetu jeneza haliendi polepole. Wanaume hupokezana, karibu wanakimbia, kila mmoja akitaka thawabu zake. Nilipotia bega mara ya kwanza, kifua kilibana kama kimefungwa kamba, nikajitoa. Mara ya pili vivyo hivyo. Tangu hapo nikawa nafuata nyuma, mikono mgongoni. Watu wakasema: Mwarabu huyu, tena mwalimu, ana kiburi, anaogopa kuchafua kanzu. Nikawaacha waseme.

Hata la baba yangu sikulibeba.

Mwezi uliopita binti yangu alinipeleka Dar es Salaam. Nikatiwa dawa mshipani, nikaambiwa nizuie pumzi, mashine ikapiga picha ya moyo. Daktari akanionesha: mshipa mmoja unaolisha moyo umechipuka upande usio wake, ukapenya katikati ya mishipa miwili mikubwa. Moyo ukienda mbio, unabanwa. Nimezaliwa nao. Ni nadra, alisema, na wengine huanguka wangali vijana. Kwa udhaifu wangu hatanipasua; nimeze dawa, nipumzike.

Akauliza kama nina mtoto anayebanwa kifua akikimbia. Nikajibu hapana.

Nilikuwa nimeshamwona Nassor, mwanangu, akisimama katikati ya mpira kule uwanja wa Amani, mkono kifuani.

Leo baada ya sala amekuja kunitazama. Nimemweleza yote. Kwanza akacheka.

"Kumbe, Baba! Na mtaa mzima wanakuita Bega Safi."

"Nalijua. Na wewe mpirani unajishika nini?"

Akainamisha kichwa. "Hata mie, Baba. Tangu skuli. Niliona haya kusema."

"Haya ya nani?"

"Yako wewe. Ungeniona mlegevu."

Nikamshika mkono tu.

Wiki ijayo atakwenda kupigwa picha. Mpaka hapo hachezi, kaapa. Yeye bado ana nguvu. Akionekana na mshipa kama wangu, anaweza kupasuliwa akapona. Nimekula vizuri mchana, jambo la nadra siku hizi.

Na mimi niseme langu, maana siku zangu si nyingi. Kutobeba ni kwa sababu ya mshipa. Kunyamaza, hata mbele ya daktari, ni kiburi. Waliosema ninacho hawakunisingizia.