Chungu cha Baba Nilichokiosha

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama yangu mpendwa,

Mirembe. Naanza na magoti yako, kwa sababu ndiyo yanayoamua mengine yote hapo nyumbani. Bado yanakataa ule mteremko wa kisimani, au dawa ya kupaka niliyokutumia imesaidia? Na kifua? Na ng'ombe, amezaa au bado anatufanyia siasa? Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini Parklands, narudi. Mvua imegeuza njia ya kwangu kuwa uji. Mwenye nyumba ametuwekea mawe matatu ya kukanyagia, halafu akatangaza kwamba amekarabati barabara.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na ukinikatiza nitafurahi, na nikifurahi sitasema. Vaa miwani uisome mwenyewe. Usimpe Ezekieli akusomee. Mdogo wangu nampenda, lakini husoma kwa sauti ya mahubiri, na hii si habari ya kusikika ng'ambo ya ua.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba sokoni watu wanakuuliza, "Ile dawa ya viwavi ya marehemu imefikia wapi?" na wewe unajibu kwamba serikali imeikalia. Wengine, kwa huruma zao, wamekusaidia kuongeza chumvi: kwamba wakubwa wameiiba, wataitia kwenye chupa yenye picha ya mahindi waje kutuuzia. Nilicheka kidogo. Kisha akaniambia kwamba afisa wa kilimo alipopita kuandikisha watu wa mbolea ya bei nafuu, ulimfungia lango, ukamwambia huwezi kupokea kitu kwa mkono uliomnyang'anya mume wako. Hapo sikucheka. Nilikaa kitandani na viatu.

Serikali yetu ina makosa ya kuitosha, Mama, haina haja ya kuazimwa mengine. Hili si lake.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana Baba alikuwa akikwambia nusu na mimi nilikuwa nakwambia robo.

Unaukumbuka ule msimu viwavijeshi walipomaliza mahindi ya kijiji kizima. Kule chini karibu na mto Baba aliwakuta wengine wamekufa huku wameshikilia majani, wamekauka kama vijiti, wamefunikwa na unga wa kijani. Mtu mwingine angesema ni bahati, aende zake. Baba aliwaokota, akawaweka juu ya mchele uliochemshwa nusu ndani ya chungu, akafunika kwa jani la mgomba, akakisukuma chini ya ghala penye kivuli. Wewe ulikasirikia mchele. Siku mbili hukumsemesha. Msimu uliofuata alisuuza ule mchele wenye ukungu, akachuja kwa kitambaa, akatia yale maji kwenye moyo wa kila mhindi jua likishapoa, na mahindi yetu yakasimama. Majirani wakaja na chupa zao. Akawapa bure, akasema Mungu hakumletea ankara.

Wazo la kuiombea dawa kibali cha serikali lilikuwa langu. Nimefagia ile maabara miaka tisa, na ukifagia mahali muda huo wote bila watu kukuona, unasoma kila kitu kilichobandikwa ukutani, na vingine vilivyoachwa mezani. Nilimuuliza mwenye maabara, Mzee Jayanti. Familia yake iko Parklands tangu enzi za babu yake, na Kiswahili chake ni hiki hiki chetu cha mji.

"Baba yako ako na kitu hai pale," akaniambia. "Lakini akianza kuuza bila karatasi, watamfunga pamoja na chungu yake."

Basi nikaenda kwenye ile ofisi inayosajili dawa za wadudu. Nilivaa ile suti ya harusi ya binamu, nikajiandaa kudharauliwa. Afisa aliyenipokea ni msichana mdogo, kila mtu anamwita Daktari. Nikamwambia dawa yetu ni ya asili, haina kemikali hata tone.

"Dada, hata sumu ya nyoka ni ya asili," akasema, bila kunicheka. "Hizi za viumbe hai tunazo kanuni zake, na karatasi zake ni chache kidogo kuliko za kemikali. Lakini chache si sifuri. Keti."

Nikaketi. Akanieleza. Kwanza, huyo kuvu ni nani? Wako wengi wenye rangi hiyo, na wengine hufanya mahindi kuwa sumu kwa mlaji, kwa hiyo lazima ajulikane jina, na ukoo, mpaka tawi la ukoo, na kipande chake hai kihifadhiwe mahali pa kuaminika ili kesho mtu asilete mwingine akasema ni yule yule. Pili, ataudhuru mwili wa mtu anayenyunyiza? Macho yake, mapafu yake? Nyuki je? Samaki wa huo mto? Tatu, majaribio mashambani, misimu miwili, sehemu tofauti, chini ya watu waliokubaliwa, si chini ya mwenyewe na shemeji zake. Mwishoni ndiyo lebo: itaandikwa nini, ihifadhiwe vipi, ikae muda gani kabla ya kufa. Nikamuuliza kama mzee wa kijijini anaweza kuyamaliza yote hayo akiwa hai. Akasema akipata chuo au kituo cha utafiti cha kushirikiana naye, anaweza, na akaniandikia pa kuanzia.

Nilimpigia Baba nikitegemea atukane. Unajua alisema nini?

"Wameuliza habari ya nyuki?"

"Ndiyo, Baba."

"Hilo ni swali zuri. Mimi sikuwauliza nyuki." Kisha akaongeza, "Kageha, tangu nizaliwe hakuna mtu wa ofisini aliyeniuliza swali zuri."

Hiyo ndiyo sababu alianza kukaa karibu na mizinga ya jirani na daftari, na wewe ukadhani uzee umemwingia. Alikuwa anafanyia serikali kazi, bila mshahara, na kwa furaha kuliko wote wanaolipwa.

Chupa ya kwanza aliyoituma kwa basi ilikaa juu ya injini kutoka huko mpaka huku. Mzee Jayanti aliipanda kwenye visahani vyake, haikuota kitu. "Imekufa njiani. Lete kutoka chungu yenyewe, na barafu," akasema. Daktari alikuwa ameshafungua faili kwa jina la Baba, akaniambia faili halina haraka, linasubiri sampuli hai. Nikanunua kijisanduku cha kubebea barafu. Nikaomba likizo ya Pasaka. Ndipo Ezekieli alipopiga simu ya msiba wa Baba, na nikaja mapema, kwa safari nyingine.

Sasa siku ya kunyoa nywele za msiba. Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka kando ya ukuta, kichwa kimeshanyolewa, humtazami mtu. Shangazi akakuuliza ni vyombo gani vya marehemu vioshwe. Ukasema, "Osheni vyote." Huo ndio mwisho wa maneno yako siku ile, na najua umeyarudia kichwani, kwa sababu Ezekieli anasema chungu hicho ulikigeuza kifudifudi na hutaki kiguswe.

Nisikilize vizuri. Wewe ulisema osheni. Hukujua ndani kuna nini. Kwako ulikuwa ni mchele ulioharibika na ugomvi wa siku mbili. Aliyejua ni mimi.

Nilikuwa nimekuja na klorini kutoka kazini, maana mimi ndiye binti wa Nairobi anayesafishia madaktari. Nikaosha kikombe chake, kigoda chake, lile jembe. Nikavuta chungu kutoka chini ya ghala, nikafunua jani. Mchele ulikuwa umejaa unga wa kijani, mzuri, umeenea mpaka kingo. Rangi hiyo nilikuwa nimeiandika kwenye fomu kwa mkono wangu huu. Na mkono wangu huu, Mama, uliona uchafu. Miaka tisa umefundishwa kwamba ukungu ni adui. Sikuwaza. Nilimwaga shimoni, nikatia klorini kwenye chungu na kule kule shimoni, nikasugua kwa majivu, nikasuuza mara tatu, nikakianika juani. Shangazi akasema, "Tazameni mtoto wa mjini anavyosafisha!"

Nikafurahi. Hilo ndilo nisiloweza kulisema kwa simu. Baba hajamaliza hata wiki ardhini, na mimi nilifurahi kusifiwa.

Sikugundua hata ndani ya basi. Niligundua mbele ya Daktari. Alinipa pole, akaniambia faili linaweza kuendelea kwa jina la mrithi, ni karatasi mbili tu. Kisha akauliza, "Na sampuli tutapata lini?" Nikafungua mdomo, nikakiona kile chungu juu ya nyasi, kinang'aa.

Nilijaribu, usidhani nilikaa. Ndiyo maana nilimsumbua Ezekieli na yale mambo ya kuchimba udongo wa shimo la taka akadhani nimechanganyikiwa. Udongo haukutoa kitu. Klorini ile ina lebo na namba ya usajili, na inafanya kile lebo inachosema. Nikamwomba viwavi waliokufa kule chini karibu na mto. Lakini viwavi walikuwa wamerudi, na yeye alikuwa ameshanyunyiza kemikali ya duka kwa sababu Baba hakuwahi kumfundisha kutumia chungu. Simlaumu. Angefanya nini, awaimbie? Alituma saba kwenye kopo na barafu. Mzee Jayanti akawapanda, tukasubiri, kikaota kile cheupe kinachoota kwenye mkate.

"Hapana, dada," akasema. "Hawa wamekufa na sumu ya duka."

Halafu akaenda akanitengenezea chai kwa mikono yake. Miaka tisa hajawahi kunitengenezea chai. Hapo nikajua imekwisha.

Jumanne iliyopita nilirudi kwa Daktari kuondoa ombi. Kuna fomu ya hilo pia. Ina nafasi ya sababu, nikaandika "kifo". Akaisoma.

"Aliyefariki ni mwombaji au bidhaa?"

Alikuwa anauliza tu, Mama, sura yake haikuwa na ubaya. Lazima wajue.

"Wote wawili," nikasema.

Nikamweleza habari ya chungu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia, mgeni kabisa, kwenye kiti cha plastiki. Nikamuuliza kama hawawezi kupokea daftari la Baba, lina kila kitu, siku, mvua, nyuki. Alilisoma kurasa nyingi wakati watu wanasubiri mlangoni. Akasema, "Huyu mzee angekuwa mwanafunzi mzuri kuliko mimi. Lakini siwezi kusajili kumbukumbu, dada. Lazima niwe na kitu kinachoweza kuwekwa mezani kikaota." Akapiga muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa umekauka wino, ikabidi apige mara tatu.

Wakati nashuka ngazi nilikuwa na uongo wangu tayari mfukoni, wa tangu miezi mitatu nyuma: serikali imekataa. Hakuna ambaye asingeuamini. Hata serikali yenyewe nadhani isingebisha. Wewe ulipodhani wameikalia, nilikuachia uuseme sokoni, sikukurekebisha, kwa sababu kila ulipousema wewe mimi nilipona kidogo. Na sasa unalima bila mbolea kwa ajili ya uongo wangu, na unakitazama kile chungu kana kwamba ni wewe uliyekimwaga.

Mfungulie lango yule afisa wa kilimo. Mpe jina lako, akuandike. Akiwa ndani, muulize maswali, Baba angemuuliza. Na wakikuuliza sokoni, usiseme ni wakubwa, wala usiseme ni amri yako. Sema Kageha aliosha chungu. Sema hivyo hivyo, bila kunitetea. Ukiona ni vigumu, nyamaza, nitakuja mwezi ujao niliseme mwenyewe, nikianzia kanisani.

Nisalimie Ezekieli na mkewe, umwambie simlaumu, maana kwa simu hanisadiki. Nisalimie mke wa pasta, aliyekuletea uji wakati wote wa msiba. Nisalimie jirani wa mizinga, umwambie Baba aliandika kwamba nyuki wake hawakudhurika, nimeiona mwenyewe, iko kwenye daftari, na limebaki nami. Shangazi msalimie pia, lakini usimwambie alikuwa ananisifu kwa kitu gani. Ngoja nimwambie mimi.

Sijui utanijibu nini. Hata ukinijibu kwa hasira, nijibu.

Ni mimi bintiyo,
Kageha