Tumemwandika Binti Yetu Mpwa Ili Nipate Uraia

Shikamoo Mama Theopista. Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, na sina mwingine wa kumwambia, shangazi yangu nikimwambia Mishamo nzima itajua kabla ya jioni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Makamba huko Burundi, naishi Makanyagio hapa Mpanda na mume wangu Venant na watoto wetu watatu, nauza mchele wa Kakese. Venant amezaliwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo kwa wazazi waliokimbia Burundi mwaka sabini na mbili, na sasa ni raia wa Tanzania, si wa kuzaliwa bali wa kuomba akapewa, cheti anacho na anakitunza kwenye nailoni mbili. Mimi nilikuja Mishamo 2007 kumtembelea shangazi, Venant akanipenda, wazee wakakaa, mahari ikatolewa, bia ikanyweka, nikahamia kwao, kanisani wala bomani hatukwenda. Mwaka uliofuata watu wakawa wanajaza fomu za kuomba uraia, na maneno yakawa mengi kisimani na kwenye mashine ya kusaga, kwamba mwenye mke aliyetoka ng'ambo juzijuzi ataambiwa amfuate huko huko, basi Venant kwa kuogopa akajaza kwamba hajaoa, na mimi wakati huo nina mimba. Upendo alipozaliwa 2009 hakwenda kumwongeza kwenye faili, maana angeulizwa mama yake ni nani. Vyeti vilitoka miaka mingi baadaye, na wadogo zake wawili wamezaliwa baada ya hapo, hao hawana tatizo.

Tangu hapo naishi kama mgeni, navuka mpaka wa Manyovu kwenda kwetu, nagongewa muhuri, narudi, wakiniuliza nakwenda kwa nani nasema namsalimia shangazi, miaka kumi na nane namsalimia shangazi. Laini ya simu ni ya jina la Venant, kitambulisho sina, nikiona gari la Uhamiaji karibu na soko naacha mchele wazi najifanya natafuta chenji.

Mwaka huu nikasema basi, nimechoka, mke wa raia anaruhusiwa kuomba, tuombe. Tukaenda kwa bwana mmoja wa steshenari anaitwa Machibya, anajulikana kwa kujazia watu fomu, akasema faili la Venant linasema hajaoa, mkijitokeza na mtoto wa miaka kumi na sita mtaonekana mlidanganya na cheti cha mume kitafutwa, dawa yake fungeni ndoa bomani sasa, semeni mlijuana 2016, wale wadogo watakaa vizuri, na huyu mkubwa mwandikeni ni mtoto wa marehemu dada yake Venant, Imakulata, kwa kuwa marehemu haitwi kuhojiwa. Mama, Venant alinyamaza. Kalamu ilikuwa mezani na hakuishika. Mimi ndiye niliyesema, andika.

Fomu tukaja nayo nyumbani tuisaini, nikaiweka chini ya godoro. Upendo yuko kidato cha tatu na anasoma kila karatasi anayoiona. Akaikuta. Wakati wa kula akamletea baba yake maji ya kunawa, akapiga goti, akasema, "Karibu maji, mjomba."

Venant akacheka, akadhani ni utani wa vijana. "Nyie watoto wa siku hizi. Mjomba wako nani?"

"Si wewe? Nimesoma. Mimi ni wa marehemu Imakulata. Na huyu ni mke wa mjomba." Akanielekezea jagi ninawe. Hakuna aliyekula.

Toka siku hiyo ni wiki mbili, ananiita mke wa mjomba, tena kwa adabu zote, shikamoo hakosi, na hiyo adabu ndiyo inaniua. Jumatatu tunatakiwa kupeleka fomu. Je, tupeleke halafu nimweleze Upendo kwamba ni maneno ya karatasi tu, moyoni bado ni mwanangu, au tuache nibaki hivi hivi? Venant anasema niamue mimi. Nisaidie mama, nisije nikakosa huku na huku.

Ni mimi Mama Upendo, Makanyagio.

*

Marahaba, Mama Upendo. Umeniomba nisome mpaka mwisho, nimesoma, tena mara mbili. Sasa ni zamu yako kukaa kimya.

Kwanza pole. Miaka kumi na nane ya kumsalimia shangazi ni mingi, hata huyo shangazi mwenyewe atakuwa amechoka kusalimiwa. Kutaka karatasi zako si tamaa. Na lile kosa la Venant la mwaka 2008 silisifii, ila nalielewa, maana aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi anajua neno moja mbele ya mwandikishaji linaweza kuhamisha ukoo. Hofu yake ya leo nayo si ya kijinga. Raia wa kuomba akionekana alitoa maelezo ya uongo, cheti chake kinaweza kutenguliwa. Sikufichi.

Lakini tazama dawa mliyopewa. Mnaogopa neno moja la zamani, halafu mnakwenda kulifunika na uongo mpya wa kurasa kadhaa, mtakaousaini wawili mkiwa watu wazima wenye akili zenu. Ule wa kwanza uliletwa na hofu, huu mmeukalia kikao. Na hautafika mbali. Shuleni naamini binti anaitwa Upendo Venant. Kadi yake ya kliniki ina jina lako. Ofisa akipiga simu moja tu shuleni, mmekwisha, na Machibya siku hiyo atakuwa anamjazia mwingine.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo lililoninyima raha. Unahesabu kwamba asiye na uraia nyumbani kwenu ni mmoja, wewe. Mimi nina wasiwasi mko wawili. Upendo alizaliwa baba yake akiwa bado hajapewa cheti, na jina lake halikuongezwa popote. Nimemuuliza mwanasheria ninayemwamini. Akasema hawezi kutamka lolote kuhusu binti bila kuona karatasi, ila haki yoyote atakayoidai mtoto huyu itabidi ipite kwa baba yake. Na nyie ndio mnaotaka kumfuta huyo baba! Miaka miwili ijayo Upendo atafikisha kumi na minane, atakwenda kuomba kitambulisho, na fomu yenu itakuwa imetangulia kumkana. Wewe utakuwa raia, na mwanao ndiye atakayekuwa anakimbia magari.

Kwa hiyo usithubutu kumwambia ni maneno ya karatasi tu. Uzito wa karatasi unaujua wewe kuliko mimi. Hata kuniandikia umejiita Mama Upendo, jina ulilopewa na mtoto huyohuyo. Nimekasirika, Mama Upendo, na sitaomba radhi kwa hilo.

Sasa sikiliza. Jumatatu hakuna fomu inayokwenda popote. Ichane wewe uliyesema iandikwe, Upendo akiona, kisha umwombe msamaha na usiongeze neno "lakini". Kwa Machibya msirudi hata kutoa kopi. Tafuteni msaada wa kisheria, upo wa bure, ulizeni ofisi ya kata wawaelekeze, mkamweleze mwanasheria mambo yote kuanzia 2008 kabla hamjakanyaga Uhamiaji, pamoja na hiyo mihuri yako ya Manyovu. Bebeni kadi ya kliniki, na cheti cha ubatizo kama mtoto alibatizwa. Wale wazee waliokunywa bia ya mahari ndio mashahidi wenu, waandikeni majina wangali hai. Venant aeleze kwa kiapo alisema nini wakati ule na kwa nini alisema. Ndoa ya bomani fungeni, ni haki yenu, ila kwa tarehe za kweli na watoto wote watatu. Mnaweza kucheleweshwa, mnaweza kuhojiwa mpaka mjute, na uraia siwezi kukuahidi kwa sababu mimi si Uhamiaji.

Na wewe Venant, najua utasomewa hii. Kukaa kimya kalamu ikiwa mezani si upole, na kumwambia mkeo aamue peke yake si heshima. Siku ya kwanza kwa mwanasheria mtakwenda wewe na Upendo, wawili tu, mkeo abaki na mchele wake. Mkifika mtaulizwa mlangoni, huyu uliyekuja naye ni nani wako? Usimwachie binti ajibu. Jibu wewe, kwa sauti, mpaka waliokaa kwenye benchi wasikie.