Mashua Yetu Si Stima, Yaya

Kwako yaya, mukubwa wangu, mutoto wa mama yangu, uliyejificha Stanleyville,

Kaa chini kwanza. Hii barua si ya kukubembeleza.

Unakumbuka tulivyojenga ile mashua hapa Nyangwe? Wewe ulishika nyundo, mimi nikaziba matundu kwa pamba na lami, na haikuvuja hata tone. Mimi niliyefika mpaka Kigoma sijaona kazi kama yangu! Kisha tukaambiwa: bila karatasi ya tona, ile ya kuonyesha ukubwa wa chombo, hakuna kuvusha watu muto Lualaba. Komisi, karani wa serikali, atatoka Kasongo kuja kupima.

Ukasikia "tona", ukafikiri ni heshima. Asubuhi ileile ukagongomea nyumba ya mbao juu ya mashua, huko nyuma, na paa, na mulango! Mashua ya kuvusha mawese ya mama na muchele wa majirani, inataka mulango wa nini?

Komisi akapima urefu, upana, kina. Akapima na nyumba.

"Andika kubwa, bwana!" ukapiga kelele. "Hii iko stima!"

Nikakuvuta shati. "Yaya, hapimi uzito wala sifa. Anapima tumbo la mashua, na ile nyumba nayo ni tumbo."

"Funga kinywa, wewe darasa la pili!"

Darasa la pili, ndiyo, lakini masikio iko mbili. Tona zikapita kipimo cha mashua ndogo. Tukaambiwa chombo kikubwa vile kinataka kapiteni mwenye diploma. Kapiteni gani, Nyangwe hii? Ukasema unaenda kumutafuta. Muongo! Ulikimbia vicheko.

Sasa mashua imefungwa kamba, mbao zinapasuka juani. Mama anavuka kwa mutumbwi wa watu, miguu ndani ya maji, na bado ananiuliza mimi kama wewe unakula. Hapo hasira inanipanda.

Nyumba yako nimeibomoa kwa mikono hii. Nikatembea mpaka Kasongo kumuomba komisi apime upya, tena kwa Kifaransa, mpaka akashangaa. Akajibu: "Nitapima. Lakini mwenye jina kwa karatasi aje yeye mwenyewe." Na jina lililoandikwa ni lako.

Basi rudi, mujinga wangu. Watu wakikucheka, nitawachekesha juu yangu mpaka wakusahau. Hiyo kazi niachie. Maneno ninayo, nguvu ninayo. Jina ndilo sina. Lete jina.

Mama anakusalimu. Mimi bado.

Mudogo wako