Nguo ya Magome Huku Samoa

Kasinge waitu, Babu,

Huku Apia mvua inanyesha na jua linawaka. Jana niliingia kwa mchoraji mmoja, mama wa makamo. Ukutani ametundika nguo ya magome ya mti, nyeupe kuliko lubugo unayotengeneza wewe, na juu yake amechora mzee akimenya ndizi mbichi, vilevile kama sisi. Nilishindwa kuondoka.

"Kwenu nguo hii ipo?" akaniuliza.

"Babu yangu anaitengeneza, lakini anasema akifa itakwisha. Vijana hawaitaki."

Akanipeleka uani, akanipa nyundo ya mti. Nikagonga gome mpaka mkono ukafa ganzi.

"Hata binti yangu aliikataa," akasema. "Siku aliponikuta nachora jiko letu juu yake, alikuja mwenyewe akakaa kujifunza."

Babu, nataka unifundishe. Nikirudi Buganguzi tuchague mti pamoja. Wewe utagonga, mimi nitachora Mama akianika kahawa. Jioni ujifunike vizuri, baridi ya huko naijua. Na tafadhali, usizeeke kabla sijafika.

Mjukuu wako,
Koku