Sabuni Isiyo na Povu Jingi

3 Machi

Mwanangu mtu wa maabara,

Hujambo huko? Mafua yameisha? Sisi wazima, ila goti langu ndilo linalonipelekesha. Ile dawa ya pili uliyonitumia, hiyo uliyoiita mpole, nimeichanganya na ile ya povu kama ulivyoandika. Mwenzangu, povu lenyewe kama mate ya mgonjwa. Wateja wangu wa sabuni watanicheka. Nikiiacha kuna ubaya?

Shangazi yako

11 Machi

Shangazi, shikamoo. Mafua yameisha, pole na goti.

Usiiache. Ile ya povu ni kali, na chembe zake hazipendani, kila moja inamsukuma mwenzake. Mpole akiingia katikati zinatulia, zinashikana mafungu madogo majini. Mafungu hayo ndiyo yanabeba mafuta ya sahani. Mpole akikosekana, chembe kali nyingi zinabaki kuzurura na kuuma ngozi. Povu ni kelele tu.

Mwanao

30 Mei

Shikamoo. Mama amenipigia. Anasema mtaa mzima unajua mimi ndiye niliyekupimia sabuni iliyomchubua dobi mikono. Mimi, shangazi?

9 Juni

Mwanangu,

Hata habari zako sijui nikuulize kwa uso gani.

Nilimtoa mpole. Nikaongeza kali mara mbili, povu likanifika viwikoni, nikafurahi kama mjinga. Dobi alipokuja ananyoosha vidole vimechunika kama kitunguu, mdomo wangu ukatangulia: "Ni mtoto wa kaka yangu huyo, na masomo yake." Unanijua, habari hailali kwangu. Kufika jioni ilikuwa imeshazunguka foleni nzima ya bomba la maji.

Ijumaa nimeenda bombani na ndoo tupu, nikawaambia mmoja mmoja kwamba ni mimi. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Dobi akaniuliza, "Na huu nao ni umbea?" Nikamwambia huu ni wangu mwenyewe.

Tangu hapo namfulia nguo za wateja wake mpaka apone. Nafua kimya. Watu wanapita wananiuliza kama naumwa.

Shangazi yako, kama bado unanitaka

22 Juni

Shangazi, shikamoo. Goti linaendeleaje na huko kufua?

Vikombe vinne vya kali, kimoja cha mpole. Pima, usikisie. Dobi akipona, dumu la kwanza mpelekee yeye, na wewe uanze kutumbukiza mikono yako humo mbele yake.

Mwanao