Mahali Aliposimama Mama

Benadeta mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako mzima, ananigombeza tu. Unauliza kwa nini nyumba yetu ya Lundo iko mbali na ziwa. Ni kwa akili zangu! Haya, nadanganya, ni za mama yangu.

Enzi za ruksa, mwishoni mwa miaka ya themanini, wataalamu walikuja kupima ufuko wa hifadhi, ule usioruhusiwa kulimwa wala kujengwa, wajue ziwa likipanda litafika wapi. Wakaniuliza zamani liliishia wapi. Nikaogopa watachukua shamba langu la mihogo, nikawaonyesha mchangani, chini ya shamba.

Mama akapanda, akaipita mihogo, akasimama.

“Mwongo wewe! Hapa ndipo tulipomfukua baba yako, maji yalipomfuata kaburini.”

Tukahama, tukajenga juu ya hapo. Ziwa lilipopanda, lilimeza mihogo na nyumba tupu.

Nitumie ile rangi nyeupe uliyoniahidi. Msalaba wa mama umechakaa, naona aibu kumtembelea.

Babu yako