Bandeji kwenye Mkono Mzima

Mshauri wetu, nakuandikia nikiwa nimejifunga bandeji kwenye mkono usiouma, na kabla hujanicheka naomba unisikilize mpaka mwisho, maana maji yamenifika shingoni na Jumamosi hii nisipofungua kinywa nitakuwa nimeharibu kila kitu.

Mimi ni mfuaji kwenye dobi kubwa, nina miaka thelathini na minne, mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na tangu mwanzo wa mwaka wifi yangu, yaani dada yake mkubwa aliyemlea baada ya mama yao kufariki, ameniingiza kwenye gofu ya visahani. Kama huujui mchezo huu, unarusha kisahani cha plastiki kutoka mbali mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichosimama juu ya nguzo, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo ili kisahani kikiigonga kidondoke ndani, na anayemaliza kwa mirusho michache ndiye mshindi. Wifi ni muuguzi mstaafu, goti lake la kulia limekwisha kabisa, anatembea akichechemea, lakini akishika kile kisahani wasichana wanasogea pembeni, kinaondoka mkononi mwake kimenyooka kama kimetumwa dukani na kimeambiwa kisichelewe.

Sasa chama chetu cha wanawake kina shindano la wawili wawili, na sisi tuna utaratibu wetu, kila kikapu kimezungushiwa duara la chokaa la hatua kumi, mmoja anarusha kutoka mbali, lakini akishakifikisha kisahani ndani ya chokaa haruhusiwi kukigusa tena, mwenzake ndiye anamalizia, kwa hiyo mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mtulivu wanategemeana. Wifi angeweza kumchagua yeyote, wangemgombania, akanichagua mimi, akasema mtu anayekung'uta mashuka mia mbili kwa siku ana mkono wa kazi ya kurudia rudia na huo ndio anaoutaka. Shindano ni Jumamosi tatu kutoka leo, na wiki inayofuata anaingia kupasuliwa goti, daktari amemwambia waziwazi kwamba baada ya hapo kurusha huenda ikawa basi, kwa hiyo hili ndilo lake la mwisho na mimi ndiye mkono wake wa kumalizia.

Usifikiri sikujitahidi. Mume wangu aliposikia nimechaguliwa alifurahi kuliko mimi, akaenda uwanjani na futi kamba, akapima kutoka chini kwenye majani mpaka kwenye ukingo wa kikapu, akaandika kwenye kiganja, akarudi kwenye karakana yake akaniundia kikapu kilekile, nguzo na kikapu pamoja akavikata kwa kipimo kile bila kuzidisha hata unene wa ukucha, akachimba shimo la shibiri moja uani, akaisimika nguzo na kumwaga saruji, akapaka rangi ya bluu, majirani wakaja kukitazama. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini narusha mara mia moja, hatua tatu, hatua tano, hatua saba, na ninapata nane katika kumi, naapa. Lakini nikifika uwanjani, jamani, kisahani kinagonga bati la mbele chini ya ukingo, ngaa, kinaanguka majani, tena na tena, na kile kikapu nakiona kama kimeninyanyukia, kama kimesimama kwa vidole kunitania, nikajua huo ni woga. Nikaanza kubadilisha, wiki moja nikarusha kwa kutupa kutokea magotini, wiki nyingine nikasimama nimepanua miguu kama golikipa, nikanunua kisahani kingine kilaini, nikajaribu kufumba jicho moja, we acha tu.

Wiki tatu zilizopita tulicheza mechi ya mazoezi na nikakosa mara saba kutoka hatua tano, mbele ya chama kizima. Kiongozi wetu, tunamwita Filimbi kwa sababu ya kile anachokivaa shingoni, akamwambia wifi mbele yangu kwamba daftari la majina linafungwa kabla ya shindano na atafute mtu mwingine wa kumalizia. Wifi aliinama na goti lake lile, akakiokota kisahani changu, akakifuta kwa sketi yake, akanirudishia mkononi. Mshauri, angenitukana ningeshukuru. Nikaona aibu mpaka kwenye masikio, na hapo hapo uongo ukanitoka, nikasema wifi, mkono umeteguka, ndiyo maana.

Siku ya pili akaja nyumbani. Nilikuwa nimejifunga bandeji mwenyewe, vibaya, akaifungua, akaupapasa mkono mfupa mmoja mmoja, akanizungusha kiwiko, akanikunja vidole, kisha akanifunga upya vizuri kabisa, akasema, "Wifi, mkono huu ukipona utaniambia wewe mwenyewe." Akanywa chai akaondoka. Tangu siku hiyo Jumamosi mbili nimekaa kwenye benchi na bandeji yangu, kazini naivua naificha mfukoni, nyumbani naivua alfajiri narusha mara mia naifunga tena, mume wangu ananiona na haniulizi, anasema tu kikapu chake kina bahati ya kupendwa hivyo. Jumamosi hii Filimbi anafunga daftari.

Tafadhali usiniambie nijitoe. Hilo wameshaniambia wengine na halikunisaidia kitu. Sitaki kujitoa, nataka kumtilia wifi yangu visahani vyake. Niambie mkono wangu una tatizo gani, na niambie nitamtazamaje usoni.

Mimi, wa Bandeji

*

Wewe wa Bandeji,

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba, kisha nikacheka. Sasa kaa vizuri tuzungumze.

Una bahati, umemwandikia mtu anayeujua mchezo huu. Miaka saba nimerusha visahani, vinne viko mtoni mpaka leo, na mwaka wa kwanza nilikuwa nagonga nguzo kuliko kikapu. Kwa hiyo sikuhurumii kwa mbali. Nakuambia kwa uzoefu: mkono wako hauna tatizo lolote. Anayepata nane katika kumi kutoka hatua tano ana mkono ambao wenzako wengi wanautamani.

Rudia kusoma barua yako mwenyewe pale mume wako anapokuundia kikapu. Alipima kutoka kwenye majani mpaka kwenye ukingo. Sawa. Akakata kwa kipimo kilekile bila kuzidisha hata unene wa ukucha. Sawa. Kisha akachimba shimo la shibiri moja akaisimika nguzo humo na kumwaga saruji. Haya niambie, mama, hiyo shibiri imekwenda wapi? Iko ardhini. Kikapu cha uani kwako ni kifupi kwa shibiri nzima, na wewe miezi yote hii umeufundisha mkono wako kutia kisahani kwenye kikapu kifupi, tena umeufundisha vizuri mno. Uwanjani unafanya kilekile ulichojifunza, kisahani kinakwenda pale pale unapokituma, kinagonga bati chini ya ukingo. Macho yako yalikuambia kila Jumamosi kwamba kikapu kimeinuka. Ukayaita woga. Ukaanza kusimama kama golikipa.

Leo jioni mwite mume wako uani, mpe futi kamba, mwambie apime mwenyewe. Usiseme neno, na usicheke kabla yake. Wa kwangu ni seremala, aliwahi kunitengenezea kabati zuri lisilopita kwenye mlango wowote wa nyumba, tukalitumia barazani miaka sita, na kilichomuuma ni kwamba shemeji zake walijua kabla yake. Wako atajikuna kichwa, halafu ataenda kuchukua vyombo vyake. Aikate nguzo katikati achomelee kipande. Ndiyo kazi yake, haitamchukua hata saa moja, na hakuna anayehitaji kumwambia jirani.

Halafu uanze upya, na safari hii uanze kwa adabu. Hatua mbili kutoka kikapuni, mbili tu, hata kama unajiona mjinga. Usisogee nyuma mpaka umetia kumi mfululizo. Ukikosa cha tisa, unahesabu tena kutoka moja. Mia moja kila asubuhi ni nyingi, mkono ukichoka unajifunza uvivu. Thelathini zenye akili zinatosha, na usiingie kazini kabla cha mwisho hakijaingia.

Mitindo mitatu uliyojiokotea itupe yote. Una wa kwako na hujui. Unapokung'uta shuka lililolowa, unasimamaje? Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Uzito unatoka mguu wa nyuma unakuja wa mbele, mkono unanyooka wote, na mwisho kabisa kiganja kinapiga, pa, shuka linafunguka. Hulikung'uti kwa bega, ungekuwa umeshalazwa. Basi kisahani ni hivyo hivyo. Kianzie karibu na kitovu, mkono unyooke kuelekea kikapu, kiganja kimalizie, na kisahani kikishaondoka mkono ubaki pale pale mbele vidole vikiwa wazi, kana kwamba unamsubiri mtu akupe mkono wa salamu. Wanaoanza huurudisha mkono haraka kama wamegusa pasi ya moto. Usiurudishe mpaka umesikia mnyororo.

Na usikitazame kikapu chote. Kikapu chote ni kikubwa, macho yanatangatanga. Chagua pete moja ya mnyororo, ile iliyo katikati, uitazame hiyo hiyo tangu unapovuta pumzi mpaka kisahani kifike. Uani kwako mwambie fundi aipake rangi nyekundu. Uwanjani haina rangi, lakini jicho lako litakuwa limeshaizoea. Kile kisahani kilaini ulichonunua kiweke kabatini. Mkono unajifunza kwa kitu kimoja.

Sikuahidi kikombe. Jumamosi tatu ni chache, na siku ile kutakuwa na upepo na watu na filimbi. Utakosa. Ukikosa, tembea, usikimbie, kiokote mwenyewe kabla wifi hajainama, kisha utie cha pili. Umekuwa ukiogopa kukosa kana kwamba kila mtu anakumbuka, kumbe kila mmoja pale anawazia chake.

Sasa tuje kwenye bandeji, na hapa nitakugombeza kidogo. Mdanganye mkuu wako wa kazi, mdanganye Filimbi, lakini mtu unamdanganyaje muuguzi? Mama huyu amefunga mikono iliyovunjika maisha yake yote. Akakufungua, akapapasa mfupa mmoja mmoja, akazungusha kiwiko, akakunja vidole, wala hukusema ai hata mara moja, halafu unadhani aliondoka hajui kwamba mkono ni mzima? Alijua kabla chai haijapoa. Alikufunga tena kwa sababu aliona kuna kitu kinachouma, ila hakiko mkononi, akakupa siku za kukiuguza. Alikuambia waziwazi: ukipona utaniambia wewe mwenyewe. Jumamosi mbili anakusubiri, na daftari bado lina jina lako, maana anayemchagua mwenzake ni yeye, siyo Filimbi.

Mume wako naye haulizi kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba nzima inajua. Wewe peke yako ndiye uliyebaki umejificha, na unajificha nyuma ya kitambaa.

Kwa hiyo Jumamosi hii amka mapema. Usimtumie ujumbe wa simu, usimtume mume. Nenda kwa wifi yako kabla hamjaenda uwanjani, akiwa bado ana kikombe mkononi. Fungua bandeji mbele yake, mkunjo kwa mkunjo, mwambie, "Wifi, haukuwa umeteguka. Niliona aibu." Akikugombeza, pokea, ni haki yake. Mwonyeshe barua hii kama unataka, mfikishe pale pa shibiri moja, nina hakika atacheka mpaka goti limwume. Kisha mwende wote wawili uwanjani, yeye arushe, wewe usimame ndani ya chokaa na ufanye kazi aliyokuchagulia.

Na ile bandeji usiitupe. Ifue, wewe ndiye mfuaji, ipige pasi, uikunje vizuri uiweke. Wiki ile baada ya shindano wifi yako atarudi nyumbani na goti lililoshonwa, na safari hiyo wewe ndiye utakayemfunga.